Choo Kikavu cha Mama Dobi

Mshonaji aligundua chai ya mama mkwe wake ilikokuwa ikienda siku alipotoka nje kutafuta kifungo kilichomponyoka kikarukia dirishani. Kifungo hakukiona. Alichokiona ni sisimizi, msururu mrefu, wakipanda na kushuka ukutani chini ya dirisha la chumba cha Mama, na pale chini pamelowa, pana majani ya chai yaliyoganda juu ya jiwe. Akachutama, akagusa kwa kidole, akanusa. Chai ya asubuhi ilikuwepo, na ya jana ilikuwepo, na kwa jinsi palivyonata, uji nao ulikuwa umepitia njia hiyohiyo.

Alirudi ndani na kukuta Mama ameketi kitandani, mguu umenyooshwa juu ya mto, kikombe kitupu mkononi, uso mkavu kabisa.

"Chai ilikuwa tamu, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Nikuongezee, Mama?"

"Aa, wapi! Nimeshiba mpaka hapa." Akajigusa kooni.

Mshonaji alipokea kikombe akaondoka nacho. Angesema nini? Mama mkwe ni mama mkwe. Humsimamii mlangoni ukamwambia unanidanganya. Lakini aliogopa, kwa sababu muuguzi aliyewaruhusu kutoka hospitali hakuwaficha kitu: nyonga imeungwa, itapona; figo ndizo za kuchunga. Mama anywe, na anywe, na akichoka kunywa anywe tena. Figo zikilala, hakuna fundi wa kuziamsha.

Mtaa mzima ulimwita Mama Dobi. Alikuwa amefua mashuka ya hoteli tangu ujana wake mpaka mikono ikawa na mikunjo isiyonyooka tena, na ilimchekesha mwenyewe kwamba aliteleza si kazini kwenye sakafu za sabuni bali kwake, akifuata paka. Ndipo mwanawe wa pili, fundi rangi, akamleta kuishi nao katika nyumba yao ya vyumba viwili na kibaraza cha cherehani. Ndani humo Mama alijikongoja vizuri na fremu yake ya chuma. Tatizo lilikuwa choo.

Nyumba ilikaa juu ya mwamba. Wachimbaji walishakuja, wakagonga, wakaondoka na sururu zilizopinda. Tangu waoane, fundi rangi na mkewe walijisaidia kwa jirani wa chini, mwanamume ambaye watu walimwita Bwana Ufunguo kwa kuwa ufunguo wa choo chake aliuvaa shingoni, na kila aliyeutaka ilibidi amsalimie kwanza na kumsikiliza habari zake. Kwa wenye miguu mizima ilikuwa kero tu. Kwa Mama ilikuwa adhabu. Ngazi za mawe hakuziweza, hivyo mwanawe alimbeba mgongoni mchana kweupe, yeye kajifunika mtandio usoni kama mwizi. Na choo chenyewe ni cha kuchutama. Mwanawe alimshika mikono yote miwili asianguke, huku amegeuza uso ukutani, na mama mtu anamaliza haja zake akilia kimya kimya.

Baada ya mara chache tu, Mama aliamua kuziba chanzo.

* * *

"Anamwaga chai," mshonaji alimwambia mumewe alipokuwa akinawa rangi mikononi.

"Nani?"

"Mama. Dirishani. Hanywi kitu, anaogopa kwenda kwa Bwana Ufunguo."

Fundi rangi aliacha kunawa. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Kaka kapiga simu," akasema. "Mwisho wa mwezi anakuja na gari. Kama hatuna choo cha Mama, anamchukua."

"Mama hataki kwenda kule."

"Najua hataki."

Nyumbani kwa kaka mkubwa kulikuwa na vigae, maji ya bomba na choo cha kukalia. Kulikuwa pia na watu wanaotoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Mara ya mwisho Mama alipokaa huko alizungumza na televisheni mwezi mzima, akaanza kuigombeza. Aliporudi alimshika mshonaji mkono akamwambia, "Usiniache nipelekwe tena," kisha akaona haya na kubadili mazungumzo.

"Basi tutafute choo kisichotaka shimo," mshonaji akasema. "Vipo."

"Vipo wapi?"

"Nitajua vilipo nikitafuta. Wewe andaa pesa za cherehani ya pili."

"Zile si za cherehani?"

"Zilikuwa."

Duka la kwanza lilikuwa mjini, la vioo, na choo chenyewe kilikuwa cheupe, cha plastiki, kimewekwa jukwaani. Muuzaji, kijana wa tai, aliwaeleza kwamba wanaovipenda ni watu wenye magari ya kulala safarini na vijumba vidogo, kwamba hakitumii maji, na kwamba ndani mna feni ndogo inayovuta harufu usiku na mchana.

"Umeme ukikatika?" mshonaji akauliza.

"Feni inasimama."

"Na harufu?"

Kijana alirekebisha tai. "Halafu ina mifuko yake maalumu. Inaagizwa."

"Ikiisha tukiwa tunangoja iliyoagizwa?"

Tai ikarekebishwa tena. Mshonaji akaona maneno hayamfikishi popote. Akapiga moyo konde, akapanda jukwaani, akakalia choo, gauni lake na mkoba wake mapajani. Wateja wakageuka. Mumewe akaenda kusoma kopo la rangi kwa makini kana kwamba hajawahi kuliona.

"Mama, samahani," kijana akasema, "hivyo si vya kukalia."

"Kumbe ni vya nini?"

Wateja waliangua kicheko. Mshonaji alitoka kijasho chembamba lakini hakushuka. Miguu yake ilining'inia, haikufika chini; na Mama alikuwa mfupi kuliko yeye. Mtu mwenye nyonga mbovu akikaa juu hivyo, atashukaje? Aliteremka, akashukuru, akatoka kichwa juu. Barabarani ndipo alipomgeukia mumewe.

"Uliniacha peke yangu kule."

"Nilikuwa naangalia bei za rangi."

"Rangi unaanza kuijua leo?"

Mumewe aliangalia chini, akasema amekosa. Hakusema zaidi, lakini alimpokea mkoba akaubeba mpaka nyumbani, na kwa mwanamume wa aina yake hiyo ilikuwa hotuba.

Jioni mshonaji alichukua futi yake ya kamba akaingia chumbani kwa Mama. Alihitaji kipimo kimoja tu, kutoka nyuma ya goti mpaka sakafuni, na moyo ulimwambia aseme, lakini ulimi ukakataa.

"Nataka nikupime gauni, Mama."

"Gauni!" Mama alifurahi. Akapimwa mabega, akapimwa kifua. Futi iliposhuka gotini akainua nyusi. "Gauni gani hili linapimwa goti kwenda chini tu?"

"Ni mtindo mpya, Mama."

Hivyo ikabidi gauni lishonwe kweli.

* * *

Karakana waliyoelekezwa ilikuwa ng'ambo ya mji, na iliuza mizinga ya nyuki na vyoo vikavu. Mwenye karakana, mwanamke mnene mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope, hakuona ajabu katika mchanganyiko huo.

"Vyote ni masanduku," alisema. "Tofauti ni wanaoingia. Haya, ni cha nani?"

"Mama yangu," fundi rangi akasema.

"Ana uzito? Anainuka mwenyewe? Choo chake kigumu au laini?"

Fundi rangi alikohoa akatazama mizinga. Mshonaji ndiye aliyejibu, yote, na akatoa kipimo cha goti. Mwenye karakana akalipenda jibu hilo kuliko mengine. Akawaonyesha sanduku la mbao lenye kiti juu na vishikio pembeni. Ndani mlikuwa na kizuio: haja ndogo huingia mbele na kuteremkia kwenye dumu, haja kubwa huangukia ndoo ya nyuma. Juu yake mtu anamwaga maranda, yale makapi ya mbao yanayotoka kwenye randa, mpaka pasionekane kitu. Bomba linapanda mpaka juu ya paa na kutoa hewa bila feni. Ndoo ikijaa inafunikwa, inawekwa pembeni miezi mingi, na kilichomo kinageuka mboji, udongo mweusi usionuka.

"Anajisafisha kwa maji au karatasi?"

"Maji."

"Basi nawaongezea beseni hapa ubavuni, lina mpira wake wa kupeleka maji nje kwenye changarawe. Lakini nisikilizeni. Ndoo ya nyuma isiguswe na maji hata tone. Ikiwa kavu itanyamaza. Mkiilowesha, mtahama ninyi mkiachie nyumba." Akawanyooshea kidole. "Na mwelezeni mwenyewe Mama. Mkalisheni hapo, mseme kila kitu. Watu hununua kisha wanaona aibu kusema."

"Tutamwambia," wakasema kwa pamoja.

Njiani wakiwa nyuma ya mkokoteni uliobeba sanduku lao, mshonaji alisema, "Utamwambia wewe. Ni mama yako."

"Mimi? Mwanamume mzima nimweleze mama yangu mbele ni wapi na nyuma ni wapi? Wewe ni mwanamke mwenzake."

"Mimi ni mkwe."

Walibishana mpaka mlangoni. Mwishowe fundi rangi alijikaza kisabuni akaingia kwa mama yake. Alitoka upesi mno.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Kasema ameelewa."

Mshonaji alimwangalia, akataka kuuliza zaidi, akaacha. Ilikuwa rahisi kuamini.

Walikizungushia choo mbao kwenye kona ya kibaraza, hatua chache kutoka kitanda cha Mama, wakaweka mlango wenye komeo la ndani. Mara ya kwanza Mama alipoingia na kulifunga komeo lile, mshonaji alisimamisha cherehani. Alisikia fremu ikiegemezwa ukutani, kisha kimya, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Siku hiyo Mama alikunywa chai vikombe viwili na maji juu yake. Sisimizi wakatafuta riziki pengine.

* * *

Kisha harufu ikaanza.

Mwanzoni ilikuwa ya kusingizia mtu mwingine. Baadaye haikusingizika. Wateja walipimwa wakiwa wameshika pua kwa mtandio. Mama mmoja aliyeleta vitambaa vya harusi akavichukua, akidai amekumbuka kwamba binti yake anataka kufikiria kwanza. Mshonaji alimwaga maranda gunia zima na bado ikanuka. Bwana Ufunguo alipanda ngazi za mawe, ufunguo unang'aa kifuani, akasimama mbali kidogo.

"Jirani, mlinikimbia mimi ili mlete hiki?"

"Tunarekebisha, jirani."

"Rekebisheni. Upepo unashukia kwangu."

Fundi rangi alifungua ndoo ya nyuma, akaifunga, akakimbilia ukingoni mwa mwamba kutapika. Ndani mlikuwa na majimaji mazito kama uji. "Yule mwanamke katuuzia sanduku la mizinga!" alifoka. "Pesa imekwenda, heshima imekwenda. Kaka akija Jumamosi amchukue Mama, yaishe!"

"Punguza sauti."

"Yaishe, nimesema!"

Ukuta ulikuwa wa mbao. Chumbani kwa Mama kulisikika zipu ya begi ikivutwa. Chakula cha jioni kilirudi kilivyokwenda, na glasi ya maji ikarudi imejaa. Mshonaji aliibeba mikononi mpaka jikoni na hapo machozi yakamtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni. Walikuwa wamefika karibu kabisa.

Asubuhi, mumewe amekwisha kwenda kazini, alikaa kwenye cherehani bila kushona. Ndipo akasikia kitu ambacho hakikutakiwa kusikika kutoka kona ile. Aliinuka. Mlango wa choo haukukomewa. Mama alikuwa ameinamia sanduku, mkono mmoja kwenye fremu, na kwenye fremu kaning'iniza kindoo cha maji ya sabuni. Kwa mkono wa pili alisugua kiti, kizuio na kila kona kwa brashi, kwa ufundi wa maisha yote. Akakiinua kindoo, akasuuza. Maji yote, povu na yote, yakaporomokea ndoo ya nyuma.

"Mama! Maji!"

Mama alishtuka nusura aanguke; mshonaji akamdaka kiunoni.

"Usiingie," Mama akasema akihema. "Sijamaliza. Toka, mwanangu, usione."

"Mama, unafanya nini?"

"Naosha. Naosha kila siku mkiwa hamnioni. Hata nikiondoka, nitakiacha safi." Akaweka brashi chini. "Nimefua mashuka ya watu wazima, najua watu wanayoyaacha na nayajua majina tuliyokuwa tukiwapa kule kufulia. Hakuna mtu atakayeshika uchafu wangu akaniita jina. Wewe hasa. Wewe umenishonea gauni."

Mshonaji alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kicheko. Alijaribu kukibana kikamzidi nguvu, akateremka ukutani mpaka akakaa sakafuni, machozi yanamtiririka.

"Unanicheka?" Mama aliuliza, ameumia.

"Hapana, Mama. Hapana. Mwanao alikuambia nini siku ile?"

"Alisema, 'Mama, choo kipo tayari, na yale maranda ni ya kumwagia.' Akakimbia. Nikajua ni ya kukaushia sakafu nikishaosha."

"Basi?"

"Basi."

Mshonaji alijifuta macho. Akaona kwamba wote watatu walikuwa wamepotea kwa kustahiana tu. Akainuka, akamkalisha Mama kwenye kigoda chake cha kushonea, na yeye mwenyewe, amevaa nguo zake zote, akakalia choo akimtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama, nisamehe, leo nitasema. Haja ndogo inaingia hapa mbele. Haja kubwa inaanguka hapa nyuma. Ukimaliza, beseni hili la ubavuni ndilo la kujisafishia. Halafu maranda, juu ya ile ya nyuma tu. Maji hayaendi nyuma. Maji ndiyo yanayokifanya kinuke."

"Maji?" Mama Dobi aliuliza kama aliyeambiwa kwamba mwanawe ni mwizi. "Maji ndiyo yananukisha?"

"Hapa ndiyo."

Alikitazama kile kindoo cha sabuni. Kisha maswali yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa limemkaa tumboni tangu sanduku lilipoletwa. Na tumbo likiharibika? Maranda zaidi. Na nikikosea mbele na nyuma? Hakuna askari humu. Na nani anamwaga?

"Mwanao. Inafunikwa, inakaa mpaka iwe udongo. Hakuna anayetia mkono."

"Mpaka iwe udongo," Mama alirudia polepole.

Mshonaji aliona akinyamaza sasa hatasema tena. "Na chai, Mama. Najua inakokwenda."

Mama aliinamisha kichwa. Mikono yake yenye mikunjo ilivutana mapajani. "Alikuwa ananishika mikono," alisema, "anatazama ukuta. Mwanangu niliyemwogesha mimi. Niliona bora figo."

"Figo siyo bora, Mama."

"Sasa najua siyo." Akaanza kulia, mshonaji naye akalia, na haikuwa ajabu kwao kwamba wamekaa chooni.

Fundi rangi aliporudi jioni, hakuwahi hata kuvua viatu.

"Wewe, njoo hapa," Mama aliita. Mwanawe akasimama mbele yake. "Ndogo mbele. Kubwa nyuma. Maji kwenye beseni. Maranda juu. Ilikuwa kazi ngumu kusema?"

Fundi rangi aliiva masikio. "Ilikuwa, Mama," akasema. Akatwaa ile ndoo ya uji, akaijaza maranda mpaka juu na kuifunika, akaipeleka pembezoni kabisa, akaweka ndoo mpya. Siku zilizofuata choo kikanyamaza, kama walivyoahidiwa. Mwenye vitambaa vya harusi akakumbuka kwamba binti amekwisha kufikiria. Bwana Ufunguo alipanda ngazi, akavuta hewa mara mbili, akauliza habari za nyumbani.

Lakini begi la Mama lilibaki limefungwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyethubutu kumuuliza, na yeye hakusema.

* * *

Jumamosi gari lilipiga honi. Kaka mkubwa aliingia akisalimia kwa haraka, mzuri wa sura, suruali imepigwa pasi. Alivuta pua akitafuta kitu, akazunguka kibaraza, akapita mlango ule wa mbao bila kuujua.

"Mama yuko wapi? Nataka tutangulie foleni. Na hicho choo mlichoniambia?"

"Umekipita, shemeji," mshonaji akasema. "Mama yumo."

"Yumo? Peke yake?"

"Peke yake."

Alitazama mlango, akamtazama mdogo wake, akatazama saa. Mshonaji alishika meza ya cherehani. Kaka mkubwa alisogea, akagonga kwa ukucha.

"Mama? Ni mimi. Gari liko nje, na begi lako nimeliona limefungwa. Twende?"

Ndani, fremu haikusogea. Kulipita muda, muda wa mtu asiyebebwa, asiyeshikwa, asiyengojwa na mwenye ufunguo. Kisha sauti ya Mama Dobi ikatoka, imetulia na ina hasira kidogo.

"Nenda salama, mwanangu, usalimie nyumbani. Lile begi uliache hapohapo. Na usinigongee tena mlango, sijamaliza."